Nimeona jumba la Carnavalet la Paris pale kibanda umiza Ng'ambo, Tabora: maoni yangu

Naandika haya kwa sababu watu wengi hapa Tabora hawajui kama hii kitu ipo, na ikikosa watu itakufa. Kuna kibanda umiza kule Ng'ambo ambacho Jumapili asubuhi, kabla mechi hazijaanza, anakaa mwalimu mmoja mstaafu wa historia na projekta yake, anaonyesha picha za majumba makubwa ya zamani ya nchi mbalimbali na kuyaelezea moja moja. Kiingilio buku, wanafunzi jero, chai ya tangawizi na vitumbua unanunua mwenyewe kwa mama wa pale nje. Safari hii ilikuwa zamu ya jumba la Carnavalet, Paris, Ufaransa. Mi ni fundi mwashi, maisha yangu ni tofali na linta, na nawaambia kabisa ile buku imenifundisha kuliko semina nyingi za bure nilizokaa. Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeizuia kwa sababu ya spika na mabenchi, nitafika huko.

Kilichonikamata ni kwamba projekta hata hajaiwasha katutoa wote nje. Kumbe alikuja mapema akachora ramani ya jumba lote pale uwanjani kwa chokaa, mistari imenyooka kabisa kama ya kuseti msingi, akasema "Mwangaluka wote", tukaitika, akasema haya sasa ingieni, ila ingieni kama watu wa enzi zile. Kijana mmoja wa bodaboda akamsimamisha getini awe bawabu. Akina mama wawili akawaweka kwenye mstatili wa pembeni, hapo jikoni. Upande wa pili banda la farasi. Sisi wengine tukaambiwa tusimame katikati, huu ndo ua wa mbele, gari la farasi linaingia na bwana wake mpaka hapa, anashukia mlangoni pa nyumba bila kukanyaga tope la barabarani. Nyumba yenyewe iko mwisho wa ua. Na bustani iko nyuma ya nyumba, kwa hiyo huwezi kuiona mpaka wenyewe wakupitishe ndani.

Alafu akauliza, mkiwa barabarani mnaona nini? Tukageuka wote kutazama upande wa bawabu wetu. Ukuta na geti, basi. Hapo ndo nikaelewa mambo ambayo kwenye picha nisingeyaelewa kamwe, kwamba hawa matajiri wa Paris hawakujenga ili mpita njia aione nyumba, walijenga ili mpita njia ajue kuna nyumba na yeye hajaalikwa.

Mzee mmoja aliyekuwa kasimama "bustanini" akasema, "Mwalimu samahani, mbona hili ni tembe?" Watu wakacheka lakini mwalimu hakucheka, akamjibu "Umeniwahi, mzee mwenzangu, huko ndiko naelekea." Na kweli ukifikiria tembe la Kwihara, hapa jirani na mji wetu, lile alilokaa Stanley mwaka 1871 kabla hajaenda Ujiji kumtafuta Livingstone, na alikobaki Livingstone mwenyewe mpaka Agosti 1872 akingoja wapagazi watoke pwani, wazo ni lilelile: ukuta mnene kwa nje, mlango mzito, uwazi uko ndani, na mgeni anapimwa afike mpaka wapi. Tofauti ni mfuko na malighafi. Sisi udongo na miti, paa la bapa. Wao mawe ya chokaa, ambayo Paris waliyachimba mengi chini ya jiji lao lenyewe, na mapaa ya mteremko mkali kwa sababu ya mvua na theluji.

Baada ya hapo tukaingia kwenye picha. Nieleze kidogo historia yenyewe kwa waliokosa.

Eneo linaitwa Marais, karne ya 16 kulikuwa na ardhi ya watawa ambayo ilikatwa viwanja ikauzwa, yaani kama tunavyoona mashamba ya pembezoni mwa mji yanavyopimwa sa hivi. Mmoja wa walionunua ni Jacques des Ligneris, alikuwa mkubwa kwenye mahakama kuu ya Paris, akaanza kujenga mwaka 1548. Kwa hiyo hili si jumba la mfalme wala la jenerali, ni la jaji. Mwalimu alilisisitiza hilo na alikuwa na haki, maana watu tukisikia jumba la kifahari Ulaya tunafikiri ni kasri la mfalme, kumbe mjini Paris kulikuwa na mamia ya majumba haya ya watu wenye vyeo na pesa, kila mmoja na geti lake na ua wake. La Carnavalet ni mojawapo ya machache sana ya karne hiyo ya 16 ambayo bado yamesimama mjini pale.

Ukutani uani kuna sanamu nne kubwa za majira manne ya mwaka ya kwao, zimechongwa kwenye ukuta wenyewe katikati ya madirisha, zinahesabiwa kuwa za karakana ya mchongaji Jean Goujon. Hapa mwalimu aliganda na picha moja muda mrefu na nilishukuru. Mi nimechonga nakshi za saruji kwenye nguzo za baraza za watu, najua shida ya kufanya kitu kigumu kionekane laini. Ile nguo kwenye mwili wa sanamu imelala kama imelowa maji, unaona goti kabisa kwa chini yake, na ni jiwe. Hakuna plasta ya kuficha makosa. Ukikosea umekosea. Nilimwomba arudishe picha nyuma tuione tena na akarudisha bila kinyongo, alama nyingine hiyo nampa.

Mwaka 1578 likanunuliwa na mjane wa bwana mmoja wa Brittany, ndo familia iliyoliachia jina la Carnavalet mpaka leo. Halafu karne iliyofuata akaja Claude Boislève, ofisa wa fedha wa serikali, huyu ndo akamwita François Mansart, mchora ramani mkubwa kuliko wote pale kwao wakati ule, kulifanyia ukarabati kuanzia kama 1660. Mansart hakubomoa. Aliziacha zile sanamu za zamani, akainua upande wa barabarani ukapata ghorofa, akazirekebisha mbawa za pembeni zilingane. Kwa fundi hiyo ndo kazi ngumu, kuanza na kiwanja kitupu kila mtu anaweza, kuongeza juu ya kazi ya mwenzako aliyekufa miaka mia iliyopita na isionekane kiraka, hapo ndo unamjua mtu. Boislève mwenyewe hakulifaidi, maana 1661 waziri wa fedha Fouquet alikamatwa na mfalme Louis wa 14, na waliokuwa kwenye mtandao wake nao wakakaguliwa mali zikashikwa. Ukumbi mzima ulitoa mguno hapo. Hatukuhitaji tafsiri.

Sasa sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mtu maarufu kuliko wote aliyewahi kukaa humo hakuwa mwenye nyumba, alikuwa mpangaji. Madame de Sévigné, mjane, alipanga kuanzia 1677 na akabaki na nyumba hiyo mpaka alipofariki 1696. Binti yake alikuwa ameolewa akaenda kuishi Provence, mbali kabisa kusini, na mama akawa anamwandikia barua, na barua zake zaidi ya elfu moja zimebaki, Wafaransa wanazisoma mashuleni mpaka leo. Kwenye barua moja ya mwaka huo wa 1677 anamweleza binti yake kuhusu nyumba mpya, na kwa kweli ni maneno ya mpangaji yeyote wa Isevya au Cheyo: anasema mtu huwezi kupata vyote, itabidi tuvumilie hakuna sakafu ya mbao wala yale meko madogo ya kisasa ya kuotea moto, lakini angalau tutakuwa na ua mzuri, bustani nzuri, mtaa mzuri. Dada mmoja nyuma yangu akasema huyu mama angekuwa Tabora angeuliza na maji yanatoka siku gani. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba jumba lile kwa macho yetu ni kila kitu, na mtu aliyelala ndani yake aliona kasoro zilezile tunazoona sisi tukikagua chumba cha kupanga, sakafu, moto, uani pakoje, majirani wakoje.

Akatueleza pia jinsi vyumba vilivyokuwa vinapangiliwa kwenye majumba ya aina hii. Milango inafuatana kwenye mstari mmoja, ukisimama wa kwanza unaona mpaka wa mwisho. Unaanza chumba cha kungojea, kisha chumba cha kulala ambacho kwao wageni wa heshima walipokelewa humohumo, kisha kichumba cha ndani cha faragha. Kadiri unavyoruhusiwa kwenda mbele ndivyo heshima yako ilivyo. Aliyeishia cha kwanza amejua nafasi yake bila kuambiwa. Sisi huku mgeni wa kawaida anaishia barazani na ndugu anapita mpaka uani, hesabu ni ileile ila wao waliijenga kwa mawe na kuipaka dhahabu.

Mapinduzi ya 1789 aliyapitia haraka, labda haraka mno, ila alituonyesha kitu kimoja: sanamu ya shaba ya Louis wa 14 iliyosimama katikati ya ua, kazi ya Antoine Coysevox. Sanamu za wafalme wakati wa mapinduzi ziliyeyushwa karibu zote, hii ni kati ya chache zilizopona. Na kuna kijimfano cha gereza la Bastille, kimechongwa kwenye jiwe la Bastille lenyewe. Baada ya gereza kuvunjwa mkandarasi wa kazi ile, Palloy, alichukua mawe akachongesha vijimfano akavituma mikoa yote ya Ufaransa. Kijana wa boda akauliza, kwa hiyo alilipwa kuvunja na akapata jina kwa vifusi? Mwalimu akasema ndiyo mwanangu, hivyo hivyo.

Karne ya 19 ndo kisa chenyewe kilipo. Haussmann, ofisa mkuu wa serikali pale Paris, alipewa kazi na mtawala wa Ufaransa Napoleon wa 3 ya kuipasua Paris, barabara pana zipite, na mitaa mizima ya zamani ikavunjwa. Na huyohuyo ofisi yake ndo ilishauri jiji linunue Carnavalet, mwaka 1866, liwe makumbusho ya historia ya Paris. Likafunguliwa kwa watu 1880. Na kilichofuata mi sikuwahi kusikia: majumba mengine yalipobomolewa, walikuwa wanatoa vyumba vizima, mbao za kutani, dari zilizochorwa, wanakuja kuvifunga upya humu ndani. Kuna dari iliyochorwa na Charles Le Brun, mchoraji wa Louis wa 14, imetoka jumba la La Rivière, leo ukilala chali unaitazama Carnavalet. Kule bustanini kuna uso mzima wa jengo la chama cha wauza vitambaa, jiwe kwa jiwe, umehamishwa ukasimamishwa pale. Mi nimekaa najiuliza walizipa mawe namba kwa rangi gani ili wasichanganye.

Nikawaza mji wetu. Kila mtu anajua nyumba za zamani za hapa zinavyoondoka, mzee anafariki, warithi wanagawana, mwezi unaofuata kumesimama fremu sita za maduka. Sisemi watu wasijenge fremu, mimi mwenyewe ndo nazijenga, ndo zinalisha watoto wangu. Ila mlango wa mninga wenye nakshi unang'olewa unaenda kuwa kuni au unauzwa kwa mtu wa mjini bila hata kupigwa picha moja, hiyo inaniuma sana, na tangu Jumapili ile nikipewa kazi ya kuvunja nawaomba wenye nyumba saa moja tu nipime vyumba nichore kwenye daftari. Hakuna aliyekataa mpaka sasa.

Chumba cha mabango ya maduka nacho kisisahaulike. Wakati wengi hawajui kusoma kila duka la Paris lilitundika kitu nje, kufuli kubwa kwa fundi kufuli, mkasi kwa mshonaji, na wameyakusanya humo chumba kizima. Wanafunzi wa sekondari waliokuwepo walichangamka hapo kuliko sehemu nyingine yoyote, wakaanza kutaja kinyozi mwenye picha ya kichwa ukutani na mama lishe mwenye picha ya samaki.

Haya sasa huduma yenyewe, maana hii ni tathmini.

Picha safi kabisa, na mwalimu alieleza zinakotoka, kwamba mwaka 2020 makumbusho za jiji la Paris ziliweka picha zaidi ya 100,000 mtandaoni mtu yeyote azichukue bure. Shuka la kuonyeshea limefuliwa, limenyooshwa, siyo yale mashuka yenye mkunjo ambayo kila mchezaji ana makovu. Umeme ulikatika katikati ya Mansart na waliwasha jenereta haraka tu, ila hapo ndo spika ikaanza kukwaruza mpaka mwisho, waliokaa nyuma walikuwa wanasikia "nsart, nsart". Mwenye kibanda ana spika nzuri za mechi, nimeziona zimefunikwa pembeni, sielewi kwann haziwashi asubuhi. Mabenchi hayana egemeo na kikao ni zaidi ya saa mbili, wazee wanaumia viuno, hata viti vichache vya plastiki vya kukodi vingetosha. Na mwalimu mwenyewe, shikamoo mwalimu kama unasoma, sehemu ya jumba la pili, lile la Le Peletier de Saint-Fargeau lililounganishwa na Carnavalet mwaka 1989, umeipa dakika chache mno. Ulituambia tu mmoja wa ukoo ule alikuwa mbunge, akapiga kura mfalme auawe na yeye akauawa siku moja kabla ya mfalme, Januari 1793, halafu ukapita! Tulikuwa tayari kukaa.

Maswali yalikuwa mazuri. Mama mmoja aliuliza hela za kujenga haya yote zilitoka wapi, na mwalimu hakuzungusha, alisema kodi na mashamba ya watu wengine, na wapishi na wachunga farasi walilala vyumba vya juu kabisa chini ya paa au kwenye vijichumba vya pembeni. Kisha akarudi kwetu bila kuulizwa akasema na Unyanyembe, huku kwetu Tabora ya zamani, msione tembe mkasifu udongo tu, pembe za ndovu na watumwa vilipita kwenye nyua zile, waliobeba ni watu, wengi wao Wanyamwezi, na wengine walifungwa minyororo. Ukumbi ulinyamaza. Nampa heshima kwa hilo, kuna watu wanaeleza majengo kama vile yalijijenga.

Bei nasema ibaki hapohapo. Buku ya mtu mzima mjini hapa inalipika, na kwa taarifa yenu Carnavalet yenyewe ukifika Paris maonyesho ya kudumu ni bure, walilifunga 2016 kwa ukarabati wakalifungua tena Mei 2021, na vitu vinavyoonyeshwa ni zaidi ya 3,800. Kama una ndugu huko mwambie aende, aingie kwa geti la barabarani, asimame uani kwanza kabla hajakimbilia ndani.

Ombi langu kwa mwalimu na mwenye kibanda ni moja, ile ramani ya chokaa ifanyike kwa tembe la Kwihara na ifanyikie hukohuko Kwihara, mtuchangishe nauli. Na madereva wa boda wa upande wa Kipalapala mkubaliane nao bei mapema, kwenda na kurudi, mkifika wawangoje. Mi nitaleta futi kamba na mfuko wa chokaa, na nina vijana wawili wa kazi wanaoweza kusaidia kupima bila malipo. Wenye watoto wafike kabla ya saa tatu, benchi la mbele linajaa upesi na nyuma hawaoni kitu.